Sili Chenye Roho

Naanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mlishaji asiyelishwa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, aali zake na sahaba zake. Ewe utakayezikuta karatasi hizi, nakupa salamu ya watu wa peponi. Mimi ni Muhdhar bin Sadiq, mwalimu wa chuo cha Qur'ani katika mtaa wa Langoni, Lamu, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja.

Mfungo Mosi 9, Jumanne

Mke wangu Thuwaiba alifariki siku ya ishirini ya Shaaban. Ramadhani yote ilipita juu yangu kama mvua ipigayo juu ya bati: niliisikia, sikurowa.

Nina neno moja la kuliandika. Katika mwezi wa Rajab, sauti yake ilipokuwa imekwisha, nilisimama kando ya kitanda nikaapa: "Wallahi, sitakula chenye roho, wala kitokacho katika chenye roho, hata Thuwaiba ainuke." Hakuna aliyesikia ila yeye na Mola wetu. Nilidhani nimejifunga kwa siku kumi, au kwa mwezi. Naye hakuinuka. Aliinuliwa, akachukuliwa mabegani mwa watu. Baina ya kuinuka na kuinuliwa pana herufi chache tu, na kiapo changu kimekwama katika herufi hizo. Mwisho niliokiwekea hautakuja tena hapa duniani.

Hukumu yake naijua. Nimeifundisha miaka arubaini. Aliyeapa, kisha akaona lililo bora kuliko kiapo chake, na alitende lililo bora na atoe kafara. Mimi bado sijaliona lililo bora. Samaki simtamani, na mbaazi sizitamani. Sioni sababu ya kuhama.

Sikumwambia mtu. Ibada ikitangazwa huingiwa na riya, kujionyesha kwa watu.

Mfungo Mosi 10, Jumatano

Mbaazi. Mvua asubuhi.

Mfungo Mosi 13, Jumamosi

Matibabu ya Mombasa yalimaliza tulichokuwa nacho, kwa hiyo hakuna mtu mtaani anayeshangaa nyumba yetu ikikosa kitoweo. Umaskini umenisitiri.

Tumebaki wawili: mimi na binti yangu wa pekee, Radhiya, mwenye miaka ishirini na sita, afundishaye watoto wa chekechea. Yeye ndiye mpishi. Nazi moja huipeleka siku mbili: tui zito siku ya kwanza katika wali, tui jepesi siku ya pili katika majani, na chicha haitupi, huichanganya na unga wa mtama akaoka mkate wa mofa. Kunde, choroko, muhogo, mabiringani yakiwa rahisi. Majani ya mronge hatuyanunui, kwa kuwa mti umeota uani kwa Bi Zamzam, dada wa marehemu, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja. Samli hakuna, maziwa hakuna. Chai ni ya rangi.

Mchana, nikiwa chuoni, Radhiya hula kwa mamake mdogo. Huko samaki hawakosekani. Hilo limenituliza.

Mfungo Mosi 15, Jumatatu

Tulipata wageni. Bwana Abdulghafur wa Mkokoni, mfanyabiashara wa samaki wakavu mwenye ghala huko Mokowe, alikuja na mwanawe Idris, fundi wa mashine za boti, kumposa Radhiya. Alileta furushi la ng'onda wa nguru.

"Huyu nimemtia chumvi kwa mikono hii, Mwalimu," alisema. "Sikumwachia mtu."

Kwetu posa hujibiwa kwa kinywa, lakini watu huiamini wakishaiona mikono ya baba wawili katika sinia moja. Nililijua hilo, na kwa hiyo niliamka nimetia nia ya kufunga mojawapo ya zile swaumu sita za sunna za mwezi huu. Swaumu ilikuwa ya kweli. Sababu ya kuichagua siku hii Mola anaijua.

"Sita zako zitakwisha," Abdulghafur alisema. "Sinia itangoja."

Bi Zamzam akasema nyuma ya pazia, "Kumngoja Mwalimu ale ni kama kutafuta mwezi siku ya mawingu."

Wakacheka wote. Nilimwona Abdulghafur mtu wa sauti kubwa, asiyejua pa kunyamaza. Idris hakusema zaidi ya salamu. Nilimuuliza Radhiya baadaye juu ya kijana huyo; alinyamaza, na kimya cha mwanamwali ni ridhaa yake, kama tulivyofundishwa. Ng'onda nilimpelekea Bi Zamzam.

Mfungo Mosi 17, Jumatano

Mchicha. Mvua.

Mfungo Mosi 19, Ijumaa

Bi Zamzam alituletea mbaazi za nazi. Tonge la tatu nililitema.

"Shemeji, mbona umetema?"

"Hizi zina samaki."

"Hazina samaki. Nimetia papa."

"Papa si samaki?"

"Papa ni kiungo. Samaki ni yule utakayemwona kichwa katika mtuzi. Huyu nimemsaga pamoja na pilipili manga, sasa yeye na chumvi ni ndugu."

"Sili chenye roho, Bi Zamzam."

"Roho gani? Ana miezi minne yuu ya dari, yua lake, moshi wake. Kama roho yake ingalimo, basi huyo ni walii, twende tukamzuru."

Radhiya alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Shaaban. Niliujua uzuri wa mzaha ule kama mtu ajuavyo kuwa mbali kule pana moto. Nilisukutua kinywa. Aliyevunja kiapo bila kujua hakukivunja.

Lakini sasa neno limenitoka mbele ya watu. Bi Zamzam aliuliza, "Tangu lini huli?" Nikamjibu, "Tangu siku hizi."

Mfungo Mosi 24, Jumatano

Bi Zamzam huuza mahamri barazani mwake kila asubuhi. Mteja wake mmoja ni kijana wa Nairobi aitwaye Ian, aliyepanga chumba mtaa wa pili, ambaye kwa hiari yake hali nyama, samaki, mayai wala maziwa. Leo alinifuata hadi mlangoni.

"Mzee, Mama Zamzam ameniambia pia wewe ni vegan. Hiyo ni poa sana. Kumbe tuko wawili Lamu nzima."

"Neno hilo silijui, mwanangu."

"Ni mtu hali kitu imetoka kwa mnyama. Wengine ni juu ya huruma, wengine afya, wengine mazingira. Wewe yako ni gani?"

"Yangu ni yangu."

"Sawa, nimeheshimu. Lakini nisaidie, mzee. Nimesota. Haya maziwa ya soya ya paketi yamenimaliza. Wewe wiki unakula na ngapi?"

Nilimweleza habari ya nazi na siku zake mbili, chicha na unga wa mtama, na kwamba mronge haununuliwi Lamu, huombwa. Nilimwambia aroweke choroko tangu alfajiri, kuni zisiende bure. Aliandika yote katika simu yake.

"Mia tano kwa wiki? Watu wawili? Na ladha je?"

"Ladha siijui," nilimjibu.

Alinitazama kwa heshima kubwa, akaliandika na hilo.

Mfungo Mosi 28, Jumapili

Choroko. Nazi zimepanda bei. Njia ya Mpeketoni imeharibika kwa mvua.

Mfungo Pili 3, Ijumaa

Baada ya Swala ya Ijumaa Abdulghafur alinialika nyumbani kwa dada yake, hapa hapa Langoni. Sita zilikuwa zimekwisha. Sinia ililetwa: wali, na samaki wa kupaka amelazwa juu yake, rojo limeshuka katika wali wote. Tulikaa watu watano. Abdulghafur alimmega samaki mahali pa minofu minene, akaiweka mbele yangu kwa vidole vyake.

Nikasema, "Tumbo langu halikubali."

Tumbo langu halikubali kitu kwa miezi sasa, kwa hiyo sikusema uongo. Nilisema kweli ili kuificha kweli, na wanavyuoni wana jina la jambo hilo. Nilikula ndizi. Abdulghafur, ambaye huzungumza hata akitafuna, hakuzungumza tena. Idris alitazama mikono yake.

Ile minofu ilibaki pale pale mbele yangu hadi sinia ilipoondolewa.

Mfungo Pili 5, Jumapili

Muhogo.

Mfungo Pili 7, Jumanne

Nina kikohozi. Radhiya alinitilia asali katika maji ya moto. Alipewa na mzazi wa mwanafunzi. Nyuki ana roho. Nilikirudisha kikombe. Kitabu kinasema katika asali mna ponyo kwa watu, na mimi ninayekisomesha Kitabu nimekirudisha kikombe.

Alikichukua bila kuuliza. Nikaona mkono wake umekonda, nikadhani ni kazi.

Mfungo Pili 11, Jumamosi

Abdulghafur alikuja peke yake, kanzu imelowa, akasimama barazani. Nilimkaribisha ndani, hakuingia.

"Mwalimu, nimekuya kwa suala la dini."

"Uliza."

"Kuvua samaki ni haramu?"

"Ni halali. Kitabu kimetuhalalishia mawindo ya bahari na chakula chake."

"Na kumtia chumvi, na kumuuza?"

"Ni halali."

"Basi nisaidie. Yana alipita ghalani kwangu kijana wa Nairobi, angoja basi. Asema mbele ya wachukuzi wote kuwa Mwalimu Muhdhar wa Langoni hali samaki kwa msimamo wake, kwamba kumla mnyama ni kumdhulumu. Alikuwa akikusifu. Wachukuzi wakanitazama mimi." Alifuta maji usoni. "Nina miaka thelathini katika kazi hini. Na baba wa mke wa mwanangu aiona dhuluma."

"Sikusema hivyo, Bwana Abdulghafur."

"Hukusema. Wala hukula. Watu wa Langoni mwajua sana kunyamaza. Sisi wa Mkokoni, mtu asipokula chetu, twamsikia alivyosema."

Nilikuwa na maneno matatu ya kumwambia: mimi niliapa, basi. Nikayazuia, nikijiambia kuwa nailinda ibada yangu na riya. Naandika hapa kwamba nilijiambia hivyo.

"Posa naiweka," alisema. "Sikuivunja. Naiweka. Ukiwa na kauli, Mokowe si mbali."

Alipoondoka nikageuka. Radhiya alikuwa ukumbini, ameyasikia yote.

"Baba, nikutilie chai?" aliuliza.

Nikasema naam. Nilikunywa chai ya rangi. Niliingoja aibu ije, haikuja. Nimeyaandika maneno yote kama yalivyosemwa ili, siku nitakapoweza kuyasikia, niyakute.

Mfungo Pili 12, Jumapili

Mronge.

Mfungo Pili 13, Jumatatu

Mronge. Radhiya alikwenda kazini, akarudi.

Mfungo Pili 17, Ijumaa

Leo niliufungua mlango wa viapo katika kitabu cha fiqhi, mlango ambao ningeweza kuusoma kwa moyo. Aya ya kafara imo humo: kuwalisha maskini kumi, chakula cha wastani mnachowalisha ahali zenu. Mamia ya wanafunzi wameisoma aya hiyo mbele yangu, nami nikawaeleza kipimo, nikawaeleza sifa za maskini. Leo nilisimama penye *ahali zenu* nisiweze kupita. Sikujua ninawalisha nini watu wangu. Mtu wangu ni mmoja.

Nilizunguka ukuta nikamwendea Bi Zamzam. Alikuwa akichambua mchele.

"Radhiya hula nini hapa mchana?"

"Hapa?" Aliuweka uteo chini. "Hali kitu hapa. Tangu Rajab hajatia mkono katika samaki wangu. Namwita, asema ameshiba. Juzi nimemwekea changu wa kukaanga, mzima na kichwa chake. Amempa paka, paka naye akanitazama mimi, hajaamini."

"Kwa nini?"

"Asema hawezi kula chake kwa siri na babake ala mronge." Akauchukua tena uteo. "Ulipoapa, shemeji, umeapa na yeye. Hukumpasha habari tu."

"Nani aliyekwambia niliapa?"

"Nenda kwako ukaulize."

Radhiya alikuwa jikoni akikuna nazi. Nilikaa juu ya kigoda cha mamake, mahali ambapo sikuwahi kukaa.

"Ulinisikia," nilimwambia. "Katika Rajab."

"Nilikuwa mlangoni, nimebeba maji ya moto ya Mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa ukizungumza na Mungu, Baba. Sikuona mahali pa kuingia."

"Nawe uliapa?"

"Sikuapa. Nilikaa nawe tu."

Aliendelea kukuna. Nikamuuliza kama anampenda samaki. Akasema, "Sana." Nikamuuliza samaki gani. Akasema, "Changu. Kichwa chake. Mama alikuwa akiniwekea." Nimeishi na mtu huyu miaka ishirini na sita, na habari hiyo nimeipata leo.

"Na Idris? Wamtaka?"

Mbuzi ya nazi ikanyamaza.

"Namtaka, Baba. Namtaka tangu kabla hajaja kuposa."

"Hukusema."

"Uliuliza ukiwa umekwisha inuka kwenda msikitini."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kimya chake juu ya Idris nilikichukua kuwa ridhaa, na kimya chake juu ya chakula nilikichukua kuwa shibe. Cha kwanza nilipatia kwa bahati. Kwa cha pili nilimkondesha mwanangu miezi minne kwa kiapo ambacho hakukiapa, nikakiita ibada yangu. Na nilichowalisha ahali zangu nimekwisha kukijua.

Sikulia. Niliyajua haya kama nijuavyo mafungu ya mirathi. Lakini lililo bora sasa nimeliona, na aliyeliona hana udhuru.

Mfungo Pili 18, Jumamosi

Katika madhehebu yetu kafara ya chakula yafaa kutangulizwa kabla ya kiapo kuvunjwa, na kila maskini ni kibaba kimoja cha chakula cha mji. Nilipima vibaba kumi vya mchele kutoka katika gunia letu. Chini yalibaki mavumbi na vibaba viwili.

Bi Zamzam alisimama mlangoni. "Shemeji, si maskini hufunga siku tatu, ikatosha? Funga, uweke mtele."

"Hufunga asiyekuwa na cha kutoa. Mimi ninacho."

"Ulikuwa nacho."

Tulihesabu maskini wa mtaa. Tukapata tisa.

"Wa kumi ni wewe," alisema.

"Mtu halishwi kwa kafara yake mwenyewe."

"Basi wa kumi ni mimi, na kesho nitakupikia."

Wa kumi alikuwa Bi Hindu, mjane afumaye makuti, wa nyuma ya kisima. Nilivibeba vibaba vyote mwenyewe, nyumba kwa nyumba, katika matope. Hakuna aliyeniuliza ni vya nini.

Jioni tulikula muhogo.

Mfungo Pili 20, Jumatatu

Nilivuka kwenda Mokowe kwa boti ya asubuhi. Ghala la Abdulghafur liko juu kidogo ya gati. Harufu yake humpokea mtu kabla ya mwenyewe. Alikuwa akifunga papa kwa kamba. Aliwaambia wachukuzi watoke. Nikamwambia wabaki, kwa sababu mbele yao ndipo alipoaibishwa.

Nikasema yote: Rajab, kitanda, kiapo, kuinuka na kuinuliwa, swaumu niliyoichagua siku yake, na tumbo nililolisingizia kwa dada yake. Nikasema kuwa kazi yake ni halali na mikono yake ni safi, na kwamba niliyemdhulumu si samaki, ni binti yangu, kisha yeye. Maneno yalitoka kavu, kama somo. Sikuwa na mengine.

Alikaza fundo la kamba ya papa.

"Mwalimu," alisema, "mtu wa Mkokoni akiapa humwambia jirani, ili jirani amsaidie kukivunja. Wewe umekaa na kiapo miezi minne peke yako, kama mtu aliyemeza ndoana."

Aliwasha makaa, akakata kipande cha nguru wa chumvi, akakichoma, akakiweka juu ya mkate mbele yangu. Wachukuzi walikuwa wakitazama. Nikasema Bismillahi, nikala. Nilikitafuna kipande chote hadi mwisho.

"Chumvi je?" aliuliza.

"Imezidi sana."

"Huyo haliwi mkavu. Hurowekwa usiku kucha." Kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Nimekupa vile makusudi, nione kama utaniambia."

Mchukuzi mmoja alicheka, akaniletea maji.

"Tutakuya Ijumaa," Abdulghafur alisema. "Mimi, Idris na wazee wawili."

"Karibuni. Kitoweo mje nacho, na mchele pia. Wangu nimeutoa kafara."

"Hilo nalo ungeweza kulificha," alisema, akarudi kwenye papa wake.

Mfungo Pili 24, Ijumaa

Walikuja na gunia la mchele na kapu la changu wabichi. Bi Zamzam na Radhiya walipika. Sinia ya wanaume iliwekwa ukumbini. Mikono ya Abdulghafur na yangu iliingia pamoja, wazee wakaiona, Fatiha ikasomwa. Ndoa itakuwa baada ya Idi, Mola akipenda. Idris alizungumza leo. Ana sauti ya upole, na aliniuliza ni lini nitapenda Radhiya awe akija kunitazama.

Nilikula wali na samaki. Ladha bado sijaiona. Sitasema nimeiona kwa kuwa siku ilikuwa njema.

Wageni walipoondoka niliingia jikoni. Radhiya alikuwa amekaa chini, sahani mapajani, kichwa cha changu kimebaki mifupa, na vidole vyake vinang'aa mafuta. Nikamuuliza kama ameshiba, nikasimama pale hadi akanijibu.

"Bado, Baba," alisema. "Kuna kingine?"

Nikamtolea kilichokuwa kimebaki katika sinia yetu, nikakaa naye hadi akamaliza.

Ewe msomaji, Mola akuruzuku kilicho halali na akupe mtu wa kukila naye. Akujaalie kuwauliza watu wako hali zao, na subira ya kungoja wakujibu. Amrehemu Thuwaiba na wote waliotutangulia, aibariki nyumba yako, jiko lake na wanaoketi humo, na asimwache ndani yake yeyote mwenye njaa usiyemjua. Amin.